UZI: Sierra Nevada, kutoka matangi ya maziwa mpaka mapipa milioni moja kwa mwaka bila kumuuzia mkubwa yeyote

Kibuyu_Moshi (mwenye uzi)
Wakuu habari za jioni. Kwenye ule uzi wa mitaji kuna jamaa kakomaa kwamba kiwanda cha bia huwezi kuanzisha bila mabilioni ya mwekezaji, na hata ukianzisha mwisho wake ni mmoja tu, wakubwa watakununua au watakuzika. Mi naona ipo njia ya tatu ila ni ndefu na inachosha, ndo maana wengi hawaipendi. Nimeleta mfano mmoja, Sierra Nevada ya mji wa Chico, kaskazini mwa California. Mwaka 1980 walianza kupika kwa matangi ya maziwa, wakaja kuvuka mapipa milioni moja kwa mwaka, na kampuni ni ya familia mpaka leo. Nitashusha kwa vipande maana naandika kwa simu.

Kwanza muelewe Marekani ya wakati ule. Baada ya marufuku ya pombe kuisha 1933 viwanda vikawa vinamezana tu, mpaka mwishoni mwa miaka ya 70 kampuni za bia nchi nzima hazifiki hata hamsini na karibu zote zinatoa kitu kilekile, lager nyepesi, ya baridi kali ili usisikie ladha. Kupika bia nyumbani ilikuwa kosa kisheria, divai ruksa, bia hapana. Oktoba 1978 ndo rais Jimmy Carter akasaini sheria ya kuruhusu ikaanza kazi mwaka uliofuata. Waliokuwa wanapika kwa kujificha wakatoka hadharani, na mmoja wao ni huyu Ken Grossman, kijana wa miaka ishirini na kitu.

Grossman hakuwa mtoto wa tajiri, alikuwa fundi. Alijifunza kupika bia tangu akiwa mdogo kwa kumuangalia baba wa rafiki yake, akahamia Chico 1972, akawa anatengeneza baiskeli, akasomasoma kemia na fizikia chuoni bila kumaliza, alafu 1976 akafungua kaduka ka vifaa vya kupikia bia na divai nyumbani. Msikadharau hako kaduka. Pale ndipo alipojuana na wauza hopsi (yale maua yanayoipa bia uchungu na harufu) wa Yakima kule jimbo la Washington, akajua nani analima nini na bei zinakwendaje, yaani anaanza kiwanda tayari malighafi anaijua kwa mikono yake.

Nakuja na kipande cha pili.

Msomaji_Kimya
Nasubiria mkuu. Mimi situmii kabisa hizo vitu lakini stori za viwanda nazipenda, shusha taratibu usikimbie.

Naiva254
Hii Sierra si ndio ile ya Nairobi ama? Ile ya chupa iko supermarket?

Kibuyu_Moshi
Hapana kaka, ile Sierra yenu ya Nairobi ni kampuni nyingine kabisa, hazihusiani. Hii jina imechukua kwenye milima ya Sierra Nevada, Grossman alikuwa mtu wa kupanda milima.

Haya kipande cha pili, hela na vyombo.

1979 akaungana na mwenzake Paul Camusi. Walikopa kama dola elfu hamsini kwa ndugu na marafiki. Mabenki yaliwaangalia tu, maana hakuna afisa mikopo aliyewahi kuona kiwanda kidogo cha bia kikifanikiwa, vilikuwepo viwili tu vya kutolea mfano kule kwao. Kimoja ni Anchor ya San Francisco ambayo Fritz Maytag aliinunua 1965 ikiwa inakata roho akaifufua, cha pili ni New Albion ya Sonoma ambayo Jack McAuliffe aliianzisha 1976 kwa vyombo vya kuunga unga. Jamaa walikwenda kuvitazama vyote. New Albion ilikufa 1982 wakuu, mkumbuke hilo, bia ilikuwa nzuri na watu waliipenda lakini walikuwa wadogo mno kiasi kwamba hata wakiuza yote hela haitoshi. Grossman aliliona hilo mapema, akaamua mtambo wake uwe mkubwa kuliko wa New Albion hata kama itamchukua muda mrefu zaidi kuumalizia.

Vyombo vyenyewe sasa. Matangi ya maziwa ya chuma cha pua waliyanunua mitumba, mashine ya kujaza chupa ilitoka kwenye kiwanda cha soda, vingine vya viwanda vya bia vilivyokufa. Grossman akajifunza kuchomelea mwenyewe, mabomba akaunga mwenyewe, hata jengo walipiga misumari wenyewe, ghala la kukodi. Mtambo wa mapipa kumi kwa pishi moja. Pipa la Marekani ni kama lita 117 kwa hiyo piga hesabu, pishi moja lita elfu moja mia moja na ushee, sio kitu cha kutisha.

Novemba 1980 wakapika pishi la kwanza, stauti. Alafu wakageukia ile waliyotaka iwe bia yao kuu, Pale Ale, na hapo ndo pana somo. Walimwaga mapishi karibu kumi. KUMI. Sio kwamba ilikuwa imeharibika, ilikuwa inanyweka, ila kila pishi linatoka na ladha yake, uchachushaji haueleweki. Mtu mwenye hela ya mkopo wa shangazi anamimina kwenye mfereji lita elfu na kitu, alafu anarudia tena, alafu tena. Mimi ningeuza tu kwa bei ya hasara nikasema ni toleo maalum.

Ilipokaa sawa ndo ikatoka bia yenye hopsi aina ya Cascade, hopsi ya Kimarekani iliyotolewa kwa wakulima 1972, ina harufu kama ya balungi na misonobari. Wakati huo watu wengi waliona hopsi za Ulaya ndo za heshima, hizi za nyumbani ni za kujazia uchungu tu. Leo ukinywa bia ya krafti, yaani ya hivi viwanda vidogo vinavyojitegemea, popote duniani ikakunukia balungi, mstari unarudi kwenye Pale Ale ya Chico kwa sehemu kubwa sana.

Mangi_wa_Kibosho
Hapo kwenye kumwaga umenigusa. Bibi yangu alikuwa mpika mbege, ile pombe yetu ya ndizi na ulezi, ukimwambia leo imezidi uchungu hakuuzii, anawapa nguruwe. Msesewe (gome la mti la kutia uchungu) ukizidi kidogo tu au ulezi usipoota vizuri basi. Na wateja walikuwa wanakuja kwake wanapita vilabu vitatu njiani.

Mtaa_wa_Saba
Stori tamu lakini mnaipamba kama kawaida yenu, jitihada jitihada, fundi fundi. Nani anajibu swali la ushuru? Huko kwao 1976 bunge lilipitisha sheria kwamba kiwanda kinachotoa chini ya mapipa milioni mbili kwa mwaka kinalipa dola 7 kwa pipa kwenye mapipa elfu sitini ya mwanzo, wakati wakubwa wanalipa 9. Alafu 1991 serikali ikapandisha wakubwa kutoka 9 mpaka 18, wadogo wakabaki na 7 yao kwenye hayo elfu sitini. Hiyo ni serikali imekubeba mgongoni. Huku kwetu anayepika lita mia tano na anayepika lita milioni miaka yote wamepimwa kwa mzani mmoja. Mleteni huyo Grossman na mashine yake ya kuchomelea aanzie Dar tuone.

Kibuyu_Moshi
Mtaa_wa_Saba sikatai hata kidogo, ushuru umesaidia sana. Lakini kiwango kilikuwa kimoja kwa wadogo wote, New Albion ililipa dola saba hiyohiyo ikafa. Mamia wengine walifungua miaka ya 80 na 90 wakafa na hiyo saba yao. Kwa hiyo ushuru unaeleza kwa nini viwanda vidogo viliwezekana, hauelezi kwa nini hiki kimoja kilikua hivi.

Dada_Mhasibu
Naomba niingilie hapo kwenye ushuru kwa sababu watu wanausema kama kitu kidogo. Ushuru wa bidhaa kwenye bia unalipwa kwa lita na unalipwa mapema, hausubiri upate faida. Mwekezaji mdogo anamkopesha muuza baa siku thelathini, yeye mwenyewe serikali inamdai ushuru mwezi unaofuata, sasa hela itoke wapi? Wengi wanakufa wakiwa na oda nyingi, sio kwa kukosa wateja. Unakua haraka, madai ya ushuru yanakua haraka zaidi, hela iko mifukoni mwa wenye baa. Nimewahi kufanyia kazi kiwanda kimoja kidogo sitakitaja, bia ilikuwa inagombaniwa, na kilifungwa kikiwa na oda za miezi miwili mbele.

Kenya mwishoni mwa 2024 angalau walibadilisha sheria wakaweka kiwango cha chini kwa wapika bia wadogo wanaojitegemea, na wakaanza kutoza kulingana na kiasi cha kilevi kilichomo. Tuone itawafikisha wapi.

Naiva254
Hiyo ya kugrow haraka hadi ushuru ikushike sisi watu wa Naivasha tuliiona live. Keroche walianza 1997 na wine za bei ya chini, serikali ikabadilisha ushuru 2007 hizo wine zikakosa soko, wakaruka kwa bia, 2008 wakatoa Summit. Na si mchezo kumbuka wakati huo EABL (East African Breweries) walikuwa peke yao, hata SAB wa South Africa walikuja Thika 1998 wakajenga kiwanda na 2002 wakafunga wakaenda. Sasa hawa wenyeji wakasimama. 2015 wakafungua upanuzi wa bilioni tano za Kenya, kutoka hektolita laki moja (hektolita ni lita mia) hadi milioni moja, mara kumi kwa mpigo. Halafu kesi za ushuru na KRA, mamlaka ya kodi, zikaandamana, 2022 kiwanda kikafungwa zaidi ya mara moja. Wafanyakazi walikua watu tunaowajua hapa mtaani. Mimi kila nikisikia mtu anasema panua panua nakumbuka hiyo.

Kibuyu_Moshi
Naiva254 asante, hiyo ndo hoja yangu hasa, na naomba niende nayo taratibu maana hapa ndo pana utajiri wote wa stori hii.

Mara kumi kwa mpigo. Sierra Nevada hawakuwahi kuruka hivo. Tangu mwanzo mahitaji yalikuwa makubwa kuliko uzalishaji, yaani miaka na miaka bia haitoshi, na wao wanaongeza tangi moja moja. Kuna stori ya mitungi ya shaba naipenda sana. Mwanzoni mwa miaka ya 80 Grossman akasikia kuna kiwanda cha zamani Ujerumani kinafungwa, mitambo yake ya shaba ya mapipa mia moja inauzwa karibu na bei ya chuma chakavu. Akainunua, ikafunguliwa, ikasafirishwa mpaka California. Hela ya kujenga kiwanda cha kuiweka hana! Mitambo ikakaa stoo miaka, ndo mwishoni mwa miaka ya 80 akapata mkopo wa kujenga pale mtaa wa East 20th walipo hadi leo. Mkubwa anatupa, wewe unaokota kwa bei ya chakavu, unasubiri mpaka mauzo yenyewe yakulazimishe kuitumia. Sio kununua kwanza alafu unatafuta wanywaji wa kuijaza.

Na hawakuwa watu wa matangazo. Miaka mingi sana hela iliyokuwa iende redioni na kwenye mabango ilienda kwenye maabara na matangi. Dada_Mhasibu atanielewa, kwenye biashara ya namna hii tangazo ni deni, ukishalitoa inabidi uwe na mzigo wa kulijibu.

Sasa jambo kubwa kuliko yote, umiliki. Waanzilishi wawili, na kufika miaka ya 90 hawaoni njia moja tena. Miaka hiyohiyo ndo krafti imepamba moto Marekani, kampuni zinaenda soko la hisa, Boston Beer wenye Samuel Adams wakaingia 1995, Redhook wakauza hisa kwa Anheuser-Busch, wale wakubwa wenye Budweiser, 1994 ili wapate lori za kusambazia. Kila mtu anapigiwa simu. Ingekuwa rahisi kabisa kwa wale wawili kuuza kila mmoja akashika chake. Grossman akaenda kukopa, deni la kuumiza kichwa, akamnunua Camusi sehemu yake 1998. Fikirini mtu umeshatoka kwenye umaskini, una kiwanda kinachodaiwa bia kila siku, unarudi kwenye deni kwa hiari ili tu asiingie mtu mwingine kwenye meza ya maamuzi. Mimi hapo ndo naona kiwanda kilikua, kuliko hata siku walipofungua mtambo mkubwa, maana kila kilichofuata kilihitaji mtu mmoja anayeweza kusema sawa faida ya mwaka huu tuizike kwenye kitu kitakacholipa baada ya miaka kumi, bila kumuomba mwenye hisa ruhusa.

Mtaa_wa_Saba
Sawa hapo nimekuelewa. Ila usisahau nao wasambazaji. Marekani mpika bia hauzi moja kwa moja kwenye duka, sehemu nyingi lazima apitie kwa msambazaji, na msambazaji mkubwa anamtegemea mkubwa mmoja. 1996 Anheuser-Busch walikuja na kampeni ya kuwabana wasambazaji wao wabebe bia zao tu. Wadogo wengi walijikuta nje usiku mmoja. Hapa kwetu nenda baa yoyote uangalie friji ni la nani, rangi ya ukuta ni ya nani, viti ni vya nani. Unamwambiaje yule mama aweke chupa yako kwenye friji la mwenzako?

Mama_Kaunta
Mimi ndo huyo mama 😂. Friji nililetewa bure, bango bure, viti bure, alafu afisa mauzo anapita kuangalia kama kuna chupa ngeni. Kijana mmoja alikuja na bia yake ya asali anapika mwenyewe, nzuri kweli, nikaweka katoni mbili kwenye deli la barafu chini ya kaunta. Zikaisha ijumaa hiyohiyo. Nilipompigia aniongezee akaniambia mpaka wiki mbili zijazo tenki bado linachacha. Sasa mteja nimwambie nini? Aliyezoea anataka kesho aikute palepale na ladha ileile. Msilaumu friji peke yake.

Kibuyu_Moshi
Mama_Kaunta umeongea kuliko sisi wote. Ndo maana yale mapishi kumi yalimwagwa.

Tuendelee. Miaka ya 2000 wakaingia kwenye kile nilichokiita faida ya kuzikwa. 2005 wakafunga mitambo ya seli za mafuta za kuzalisha umeme, megawati moja, baadae kidogo wakaweka paneli za jua zaidi ya elfu kumi kwenye mapaa na maegesho. Hewa ya kaboni inayotoka kwenye bia ikichacha wanainasa wanaitumia tena, mashudu ya kimea wanakula ng'ombe. Wengine wanaona ni mambo ya kujionyesha, lakini bia inakula umeme na maji kama haina akili nzuri, unachemsha alafu unapoza alafu unaweka baridi wiki kadhaa. Anayepunguza hiyo bili kwa kudumu anapata pumzi ambayo mwenzake hana siku bei ya kimea ikipanda.

2009 wakatoa Torpedo, ni IPA yaani bia ya hopsi nyingi, kwa kifaa walichokibuni wenyewe kiwandani. Ni mtungi wa chuma unajazwa hopsi nzima nzima, bia inazungushwa kupitia ndani yake ikichukua harufu bila kuchemshwa. Tena fundi, samahani Mtaa_wa_Saba 😅

Alafu Carolina Kaskazini. Kufikia 2012 wanapeleka bia pwani ya mashariki, zaidi ya kilomita elfu nne kutoka Chico. Bia ni maji wakuu, unasafirisha maji kwa dizeli kuvuka bara, na bia yenye hopsi nyingi haipendi joto wala safari ndefu, harufu inakufa. Wakajenga kiwanda cha pili Mills River karibu na Asheville, wageni wakaanza kupokelewa 2014, mtoto wa Grossman, Brian, akaenda kukisimamia. Tabu ikawa kuhakikisha Pale Ale ya Mills River mtu hawezi kuitofautisha na ya Chico, maji tofauti, mitambo tofauti. Hapo pesa nyingi ilienda maabara, hamna aliyeiona kwenye picha.

Msomaji_Kimya
Kwa hiyo sasa hivi hiki bado kinaitwa kiwanda kidogo? Mapipa milioni si ni lita milioni mia na ushee hizo, hicho ni kidogo kwa nani?

Kibuyu_Moshi
Swali zuri. Chama chao cha wapika bia kinasema krafti ni mwisho mapipa milioni sita kwa mwaka, na kampuni ya pombe isiyo ya krafti isimiliki asilimia 25 au zaidi. Ukivuka mapipa elfu kumi na tano kwa mwaka unaitwa kiwanda cha kanda. Zamani mwisho ulikuwa milioni mbili, wakaupandisha Boston Beer walipokuwa wanakaribia kuugusa, hapo mtajaza wenyewe. 2017 wakatoa na nembo ya chupa iliyopinduliwa kichwa chini ili mnywaji ajue hii haijanunuliwa na mkubwa, maana wakubwa walikuwa wananunua na kuacha lebo ileile. Goose Island ya Chicago ilienda AB InBev, ndo wenye Anheuser-Busch, 2011 kwa dola milioni 38.8, mnywaji wa kawaida hajui mpaka leo.

Mtaa_wa_Saba
Na waliouza ni wengi kuliko waliobaki. Lagunitas nusu kwa Heineken 2015, nusu iliyobaki 2017. Ballast Point 2015 iliuzwa dola bilioni moja, bilioni, alafu 2019 aliyenunua akaiuza kwa kampuni ndogo ambayo hata jina lake wengi hawakuwahi kulisikia. New Belgium kwa kundi la Kirin la Japani 2019, Bell's kwa haohao 2021. Anchor yenyewe mama yao wote iliuzwa kwa Sapporo 2017 na 2023 ikafungwa. Hiyo njia yako ya tatu ina msafiri mmoja?

Kibuyu_Moshi
Wapo wengine, New Glarus ya Wisconsin hawauzi hata nje ya jimbo lao na wanaishi vizuri tu. Ila nakubali ni wachache. Na siku hizi ni kugumu zaidi, viwanda vimepita elfu tisa nchi nzima, na 2024 vilivyofungwa vilizidi vilivyofunguliwa. Vijana wanahamia vinywaji vya kopo vya ladha ladha, wengine wameacha kabisa. Sierra Nevada wenyewe kilichowashika miaka hii sio ile Pale Ale tena, ni Hazy Little Thing ya 2018, bia ya ukungu ambayo wazee wa Pale Ale wanaisema vibaya. Lakini walikuwa na nafasi ya kujaribu kwa sababu hamna mwenye hisa aliyekuwa anawaambia mbona mnaharibu jina.

Na jingine la 2018 watu wanalisahau. Novemba mwaka huo moto wa Camp Fire uliteketeza mji wa Paradise, jirani kabisa na Chico, watu 85 walikufa, na baadhi ya wafanyakazi wao walipoteza nyumba. Wakapika IPA wakaiita Resilience, mauzo yote yaende kwa waathirika, wakaomba viwanda vingine vipike bia hiyohiyo. Viliitika zaidi ya 1,400. Hao wote ni washindani wake! Sijui kampuni gani ya hisa ingeitikiwa hivyo.

Mangi_wa_Kibosho
Swali la kiufundi. Hizo hopsi huku zinaota? Shayiri tunayo West Kilimanjaro na Monduli, wakenya wanayo Timau na Mau Narok. Hopsi je?

Kibuyu_Moshi
Hopsi inataka siku ndefu za kiangazi ndo ikue vizuri kabla ya kutoa maua, huku kwetu karibu na ikweta mchana ni masaa kumi na mbili mwaka mzima kwa hiyo inasinzia. Afrika Kusini pale George walizalisha mbegu zao zinazovumilia mchana mfupi na hata wao wako mbali na ikweta kuliko sisi. Kwa hiyo huku ni kuagiza, vidonge vilivyofungwa bila hewa. Ila wewe msesewe unao, na hakuna mzungu anao, mi ningeanzia hapo.

Mangi_wa_Kibosho
Msesewe kwenye bia ya chupa 🤔 haya nimeondoka nao huo.

Naiva254
Swali langu la mwisho kwa mwenye uzi. Huyu Grossman ni wa 1954, ameshazeeka. Akienda, watoto wasipoelewana? Hapa kwetu ndio kampuni za familia zinakufanga, sio kwa ushuru.

Dada_Mhasibu
Naiva254 hilo la kurithishana wenzetu Yuengling wa Pennsylvania wana dawa yake kali. Hicho ndicho kiwanda cha bia kikongwe kuliko vyote Marekani, kimeanza 1829, na mila yao ni kwamba mtoto harithi kiwanda, anakinunua kwa baba yake. Kila kizazi kinatoa hela, asiye na nia hasogei.

Mama_Kaunta
Kumnunua baba yako mzazi! Ukoo wetu ungekaa kikao wiki nzima 😂😂

Naiva254
Na bei nani anaipanga, baba ama mtoto?

Dada_Mhasibu
Kama wana akili, anaipanga mkaguzi wa nje asiyekula nao Krismasi. Nikipata muda nifungue uzi wa hilo peke yake, maana inbox tayari kuna watu watatu wananiuliza mambo ya hisa za baba yao.